Tabaka la Kati: Msamiati wa Kiingereza katika Shule za Mtwara na Masasi tangu 1876

Mwanafunzi anayemaliza darasa la saba katika kijiji cha Msimbati, karibu na mlango wa mto Ruvuma, huingia kidato cha kwanza akiwa na maneno ya Kiingereza ya kila siku: majina ya vitu vya nyumbani, ya ndugu, ya siku za wiki. Huko sekondari hupokewa na istilahi za masomo kama "photosynthesis", ambazo mwalimu huzifafanua ubaoni kwa sababu anajua kuwa ni ngumu. Kati ya mafungu hayo mawili lipo tabaka la tatu ambalo ni nadra mtu kulifafanua: "consist", "evidence", "derive", "whereas". Maneno hayo si mali ya somo lolote, na sokoni hayasikiki. Hata hivyo ndiyo yanayobeba hoja katika kitabu cha kiada na ndiyo yanayoamua kama swali la mtihani limeeleweka. Averil Coxhead alipochunguza matini za kitaaluma na kuchapisha orodha yake mwaka 2000, alipata jamii za maneno 570 za namna hiyo, zote zikiwa nje ya maneno 2,000 hivi ya msingi yaliyoorodheshwa na Michael West mwaka 1953.

Kwa kawaida upungufu wa tabaka hili huelezwa kwa uhaba wa walimu na vitabu. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Historia ya pwani ya kusini inaonyesha kwamba zana za kuvuka kati ya Kiswahili na Kiingereza zilikuwapo mapema mno. Tatizo ni kwamba zilitengenezwa kwa ajili ya msafiri anayetoka upande mwingine.

Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, alichapisha mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Miaka sita baadaye, akiwa askofu, aliliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, kupitia Lindi, hadi Masasi, ambako kulianzishwa makazi na shule. Mwongozo huo hauorodheshi maneno tu. Unamwonyesha Mwingereza jinsi mzizi mmoja wa Kiswahili unavyozaa vitenzi, nomino na vivumishi, ili akishalijua neno moja aweze kuyakisia mengine. Hilo ndilo hasa analohitaji mjifunzaji aliyekwisha kupita hatua za mwanzo katika lugha yoyote. Lakini kitabu cha kumwonyesha mtoto wa Masasi jinsi mizizi ya Kiingereza, mingi yake ikiwa ya Kilatini na Kifaransa, inavyozaa maneno kwa utaratibu wake, hakikuandikwa sambamba na kile.

Hali ilikuwa hiyo hiyo katika chuo cha Kiungani, Unguja, ambacho kiliwaandaa walimu wa vituo vya misheni hiyo. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha masimulizi ya maisha yaliyoandikwa na wavulana wa shule za misheni, wengi wao wakiwa wametoka utumwani. Wavulana ndio waliotoa simulizi. Tafsiri ya Kiingereza ilikuwa ya Madan. Kazi ya kutafuta neno la Kiingereza linalolingana na la Kiswahili, ambayo ni zoezi bora kabisa la msamiati, ilifanywa na mtu ambaye Kiingereza kilikuwa lugha yake ya kwanza. Kamusi zake mbili, ya Kiingereza–Kiswahili ya 1894 na ya Kiswahili–Kiingereza ya 1903, zilitokana na uzoefu wa aina hiyo. Aliyefika mbali zaidi alipitia njia nyingine: Cecil Majaliwa, aliyepewa upadri mwaka 1890 na kuhudumu Chitangali, alikuwa amesoma katika chuo cha Mtakatifu Augustino huko Canterbury. Njia hiyo ilimfaa mtu mmoja mmoja. Haikuwa njia ya shule nzima.

Utawala wa Wajerumani uliendesha shughuli zake za ngazi ya chini kwa Kiswahili, na suala la Kiingereza likawa la wamisheni peke yao hadi Vita vya Kwanza. Chini ya Waingereza lilirudi kwa nguvu. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilisimamia kamusi za Frederick Johnson, zilizotoka mwaka 1939 na ambazo kwa miongo mingi zilikuwa kamusi za kutegemewa shuleni. Juzuu ya Kiingereza–Kiswahili ilimpa mtumiaji visawe vya Kiswahili vya kuchagua, na Mwingereza mwenye kutafuta neno la kumwambia karani wake aliridhika. Mwanafunzi wa Chidya au Ndanda aliyekifungua kitomeo hicho hicho alikuwa na maswali mengine: neno hili hufuatwa na kihusishi gani, huambatana na nomino zipi, hufaa katika insha au katika mazungumzo? Visawe havijibu maswali hayo.

Baadhi walifanikiwa, tena sana. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso mwaka 1938, alipita Ndanda na Pugu, akahitimu shahada ya Kiingereza Makerere mwaka 1962. Mifano kama wake hutajwa mara nyingi kuthibitisha kwamba shule za zamani zilijua kufundisha Kiingereza. Kinachosahaulika ni mchujo. Waliofika huko walikuwa wachache mno, waliishi bwenini, wakasoma kwa Kiingereza kwa miaka mingi, na tabaka la kati likajengeka ndani yao kwa wingi wa saa walizosoma. Mafanikio yao yanatuambia machache kuhusu mbinu ya kufundishia msamiati.

Katika kipindi hicho hicho Kiingereza kiliingia Mtwara kwa mlango mwingine. Mradi wa karanga wa 1947 hadi 1951, uliokuwa na shamba Nachingwea, ulileta reli na bandari ya kina kirefu. Katika kazi za namna hiyo vibarua hujifunza kwa masikio maneno kama gea, breki, spana na winchi, na maneno hayo yakavalishwa silabi za Kiswahili yakakaa. Jambo hili linastahili kuzingatiwa: istilahi za ufundi, ambazo shule huziogopa, ndizo zinazosafiri kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kila moja ina kitu chake cha kushikwa mkononi. "Whereas" haishikiki mkononi.

Kiswahili kilipokuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali kufuatia siasa ya elimu ya 1967, umbali kati ya darasa la saba na kidato cha kwanza uliongezeka. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari, serikali haikukubali. Ripoti ya Criper na Dodd ya 1984 ilikadiria kuwa ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa na kiwango cha Kiingereza ambacho elimu kwa lugha hiyo ingeweza kuanzia. Mradi wa Waingereza wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, ulioanza mwaka 1987, uliitikia kwa kupeleka shuleni vitabu vya hadithi vyenye msamiati uliopimwa. Hadithi hujenga mazoea ya kusoma, na hilo si dogo. Lakini hadithi nyepesi huishia pale pale ambapo orodha ya West inaishia, na mwanafunzi hubaki ukingoni.

Upande wa Kiswahili ulikuwa na juhudi zake. TUKI ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, ikiwa ni kazi kubwa juu ya tabaka la istilahi. Mwaka 1996 ikatoa kamusi ya Kiingereza–Kiswahili iliyomlenga mzungumzaji wa Kiswahili. Tangu mwongozo wa Steere hadi hapo ilikuwa imepita miaka 126.

Ugunduzi wa gesi uliipa habari hii uzito mpya. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982 na kuanza kutumika mwaka 2006. Visima vya bahari kuu vilifuata kuanzia 2010. Mwaka 2013, wakazi wa Mtwara walipopinga bomba la kuipeleka gesi Dar es Salaam, mabishano yaliendeshwa kwa Kiswahili, lakini nyaraka za sekta yenyewe ni za Kiingereza. Kijana fundi alihitaji zaidi ya jina la vali. Alihitaji kuelewa sentensi ya usalama inayosema jambo fulani lisifanyike "unless" jambo jingine limethibitishwa, na kosa katika neno hilo moja linaweza kugharimu maisha.

Karibu na visima hivyo ipo hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na humo kuna mfano unaoonyesha daraja linaloweza kujengwa. Lugha ya hifadhi imeleta vijijini kivumishi "endelevu". Mtoto wa mvuvi anayekisikia katika maneno "uvuvi endelevu" tayari anayo dhana ya "sustainable". Anayo hata njia ya kuunda maneno: endelea, endelevu, uendelevu hulingana hatua kwa hatua na "sustain", "sustainable", "sustainability". Mwalimu akimwonyesha ulinganifu huo, mwanafunzi hapati maneno matatu tu, bali viambishi viwili atakavyovikuta katika mamia ya maneno mengine. Ni mbinu ya Steere, imegeuzwa uso. Katika mkoa jirani wa Lindi, pamoja na Dodoma na Morogoro, vyuo vikuu vya Dodoma, Aga Khan na Bristol vilijaribu katika muongo wa 2010 vitabu vya kidato cha kwanza vyenye Kiingereza kilichorahisishwa na faharasa za Kiswahili, jambo lililokaribia wazo hili, ingawa faharasa hutafsiri neno moja moja na haielezi jamii yake.

Pingamizi lenye nguvu zaidi dhidi ya daraja la Kiswahili halitoki kwa watetezi wa Kiingereza. Linatoka nyanda za juu za Newala na Tandahimba. Huko mtoto huanza maisha kwa Kimakonde, na "uendelevu" kwake ni neno la shuleni na redioni, karibu lenye ugeni ule ule wa "sustainability". Msimbati, ambako Kiswahili na Kimakonde vimeishi pamoja muda mrefu, na Kitangari, ambako Kiswahili huimarika darasani, haviwezi kupewa faharasa moja na kutarajiwa matokeo sawa. Kimakonde nacho kina unyambulishaji wa vitenzi unaofanana sana na wa Kiswahili, na mwalimu anayezijua lugha zote tatu anaweza kuanzia hapo.