Mahindi si ya India, granoturco si ya Uturuki

Tangu nirudi watu wananiuliza maswali mawili tu: "Ulikula pizza?" na "Uliuona ule mnara uliolala?" Majibu ni ndiyo na ndiyo. Pizza nilikula mpaka nikachoka, na mnara uko Pisa, mwendo wa saa moja hivi kwa treni. Hayo tumeyamaliza. Sasa naomba niwape stori yenyewe, maana ni ndefu kidogo na ina historia ndani yake, kwa hiyo asiyependa historia achukue chai kabisa.

Nilikuwa Italia wiki tano za likizo hii ya kiangazi, mjini Firenze, ambao Waingereza wanauita Florence. Masomo yalikuwa matatu: sanaa, chakula na utamaduni. Utaratibu huu wa vyuo vya Marekani kupeleka wanafunzi kule sio mpya. Smith College, chuo cha wanawake, kilianza kupeleka wanafunzi wake Firenze mwaka 1931, na wengine wakafuata. Na kabla ya vyuo, vijana wa matajiri wa Uingereza wa karne ya 17 na 18 walikuwa wanatumwa Italia kumalizia elimu yao. Yaani ukiona kundi la wanafunzi wamesimama na daftari mbele ya sanamu, ujue watu wanapokezana zamu hiyo miaka mia tatu sasa.

Kilichonikaa kichwani ni neno moja: "halisi". Kila kona ni chakula halisi cha Kiitaliano, ufundi halisi wa Kiitaliano, utamaduni halisi. Mwenzangu mmoja wa darasani akaniambia, tena bila ubaya wowote, kwamba lazima najisikia mgeni sana mbele ya vitu hivi kwa sababu "havihusiani na kwenu". Siku ile nilicheka tu, halafu nikaingia maktaba. Leo namjibu. Namjibu kwa Kiswahili ambacho hakijui, lakini nyie mtanisaidia kumfikishia.

Tuanze na ugali. Ndiyo, ugali! Kule Italia ya kaskazini, Veneto na Lombardia, chakula cha watu kwa karne nyingi kilikuwa polenta. Unachemsha maji, unamwaga unga wa mahindi kidogo kidogo, unasonga. Zamani walisongea kwenye sufuria ya shaba kwa mti mrefu, wakaimwaga juu ya ubao, wakaikata kwa uzi. Watu wa kusini mpaka leo wakitaka kuwatania wa kaskazini wanawaita "polentoni", yaani wala polenta. Niliposikia hivyo nilijisikia nyumbani kabisa, maana nimekulia kwenye utani wa namna hiyo.

Sasa angalieni jina. Sisi tunasema mahindi, yaani kitu cha Kihindi. Waitaliano wanaita granoturco, yaani nafaka ya Kituruki. Kumbe hayakutoka India wala Uturuki! Mahindi yalizaliwa Mexico, wenyeji wa kule waliyalima maelfu ya miaka kabla Columbus hajavuka bahari mwaka 1492. Kwetu yaliletwa na Wareno, kwao yalipitia Uhispania na karne ya 16 yalishafika mashamba ya Veneto. Pwani yetu ikaona kimekuja na meli, ikasema basi ni cha huko ng'ambo, Uhindini. Wao wakaona ni kigeni, wakasema basi ni cha Waturuki. Mataifa mawili yasiyojuana yametoa jina la uongo kwa mgeni yuleyule. Na wote wawili walikuwa na kitu cha kusonga kabla mgeni hajafika: sisi mtama na ulezi, wao mtama wao, shayiri, hata unga wa njugu za miti ya milimani. Mgeni alichukua chungu kilichokuwa tayari jikoni.

Mpaka hapo ni stori tamu. Lakini mahindi yale yana upande mchungu, na upande huo sikuuona kwenye bango lolote la mgahawa.

Katika karne ya 18 madaktari wa Italia ya kaskazini walianza kuona ugonjwa wa ajabu vijijini. Ngozi ya mikono na shingo inakuwa ngumu na kubanduka, tumbo linaharisha, mwisho akili inapotea. Mwaka 1771 daktari mmoja wa Milano, Francesco Frapolli, aliandika jina ambalo wanakijiji walikuwa wanaliita: pelagra, yaani ngozi kavu, ngozi iliyokwaruza. Katika karne ya 19 wagonjwa walikuwa makumi ya maelfu na hospitali za vichaa zilijaa wakulima.

Sababu ni nini? Mkulima alilima ngano kwenye shamba la bwana, ngano ikaenda sokoni, yeye akabaki na polenta asubuhi, polenta mchana, polenta usiku. Bila nyama, bila maziwa, bila maharage ya kutosha. Mahindi yana vitamini B3, lakini imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati. Wenyeji wa Mexico walijua dawa yake bila kujua neno vitamini: wanachemsha mahindi kwenye maji ya chokaa kabla ya kusaga, na ile chokaa inaifungua. Wazungu walichukua mbegu wakaacha maarifa. Wasomi wa Italia wakabishana miaka mingi, maarufu Cesare Lombroso akasema ni mahindi yaliyooza. Hapa Marekani pelagra iliwakumba maskini wa majimbo ya kusini, na ni daktari Joseph Goldberger, miaka ya 1910, aliyeonyesha kwamba tatizo ni chakula duni, sio vijidudu. Kwa lugha nyingine, ugonjwa ulikuwa ni umaskini uliovaa koti la daktari. Wengi wa Veneto wakaona bora wahame. Mwishoni mwa karne ya 19 wakapanda meli kwa maelfu kwenda Brazil.

Kwa hiyo nikila polenta kwenye sahani nzuri yenye uyoga juu yake, naona chakula cha watu waliolima ngano wasiyoila.

Nyanya nazo ni hivyohivyo. Pizza na spageti bila nyanya hatuwezi kufikiria, lakini Dante aliyekufa mwaka 1321 hakuwahi kuonja nyanya maishani mwake, wala Lorenzo de' Medici aliyekufa 1492. Nazo ni za Amerika. Mwaka 1548 kikapu cha nyanya kilipelekwa kwa mtawala Cosimo de' Medici mjini Pisa, na watu wa nyumba yake waliziangalia kama kitu cha maajabu. Mapishi ya kwanza ya mchuzi wa nyanya yaliyochapwa Italia ni ya Antonio Latini wa Napoli, miaka ya 1690, na mwenyewe aliuita mchuzi wa Kihispania! Na hicho "chakula cha Kiitaliano" kama kitu kimoja ni cha juzi tu. Italia yenyewe kama nchi iliunganishwa 1861. Mwaka 1891 ndipo mfanyabiashara mstaafu Pellegrino Artusi alipochapisha Firenze, kwa pesa yake mwenyewe, kitabu cha mapishi kilichokusanya mikoa mbalimbali, na kina mama wa nyumbani wakaanza kujuana kupitia sufuria.

Hata supu ya maskini wa Toscana, ribollita, ukiifungua ndani unakuta mkate uliokauka, maharage (ya Amerika pia), na majani meusi yanayoitwa cavolo nero. Ndugu zangu, cavolo nero na sukuma wiki ni ukoo mmoja kabisa. Nilikula sahani mbili.

Haya, tutoke jikoni twende ukutani, maana mwenzangu alikuwa anazungumzia sanaa hasa.

Kwenye kanisa la Santa Maria Novella kuna picha za Domenico Ghirlandaio, zilizochorwa ukutani kati ya 1485 na 1490. Mojawapo inaonyesha mamajusi wakimjia mtoto Yesu. Angalia vizuri msafara wao. Kuna twiga! Sio twiga wa kubuni. Novemba 1487 mabalozi wa Sultani Qaitbay wa Misri waliingia Firenze na zawadi kwa Lorenzo de' Medici, na mmoja wa zawadi alikuwa twiga hai. Mji mzima ulitoka kumtazama. Hakudumu, alivunjika shingo baada ya muda mfupi. Lakini wachoraji walikuwa wameshamwona, na miaka sabini baadaye Giorgio Vasari na mafundi wake walimchora tena kwenye chumba cha Lorenzo ndani ya Palazzo Vecchio. Lorenzo alimtaka kwa sababu twiga alikuwa ni hadhi, na sultani alimtoa kwa sababu alitaka urafiki na biashara. Na kwa taarifa yenu Firenze haikuwa ya kwanza kwa siasa hizi: mwaka 1415 mabalozi wa Malindi walishampelekea mfalme wa China twiga. Wakati ule pwani yetu nayo ilikuwa mezani.

Halafu kuna Alessandro de' Medici. Huyu alitawala Firenze miaka ya 1530, na mwaka 1532 akawa wa kwanza kwenye ukoo ule kupewa cheo cha utawala wa kurithi. Mama yake anatajwa kwa jina la Simonetta, mtumishi au mtumwa wa nyumbani. Watu wa zama zake walimwita "il Moro", na wanahistoria wengi wanaona mama yake alikuwa na asili ya Afrika, ingawa wengine wanabisha. Alessandro aliuawa na ndugu yake mwenyewe Januari 1537. Vasari alimchora 1534 akiwa amekaa na mavazi ya chuma, picha iko Uffizi. Alizikwa San Lorenzo, kwenye kaburi lilelile lililochongwa na Michelangelo kwa ajili ya Lorenzo mdogo, aliyetajwa kuwa baba yake. Watalii wanapanga foleni kuliona kaburi lile kwa ajili ya Michelangelo. Wachache wanajua nani mwingine amelala humo.

Na Simonetta hakuwa ajabu pale mjini. Baada ya tauni ya 1348 kuua watu wengi sana, wafanyakazi walikuwa adimu, na mwaka 1363 serikali ya Firenze ikaruhusu rasmi kuingiza watumwa, ilimradi wasiwe Wakristo wa kuzaliwa. Wengi walikuwa wasichana kutoka pande za Bahari Nyeusi, walioletwa na meli za Genova na Venezia. Waafrika walikuja zaidi baadaye. Wale walipika, walifua, walinyonyesha watoto wa mabwana ambao majina yao tunayakariri kwa ajili ya mtihani. Kwenye ukuta huwaoni, au unawaona pembeni, wameshika farasi.

Swali langu sasa: je, hii ni historia ya zamani tu? Hapana. Tarehe 25 Agosti 1989, usiku, Jerry Masslo, mkimbizi aliyekimbia ubaguzi wa Afrika Kusini, aliuawa na majambazi huko Villa Literno, karibu na Napoli. Alikuwa amekwenda kufanya nini pale? Kuchuma nyanya. Nyanya zilezile. Serikali ilimzika kwa heshima za kitaifa, Oktoba watu wengi sana waliandamana Roma, na mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa ili hata watu wasiotoka Ulaya waweze kutambuliwa kuwa wakimbizi. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria kali zaidi dhidi ya mawakala wanaonyonya vibarua wa mashambani. Sheria zipo, lakini vibarua wa Kiafrika na Kiasia bado wanainama kwenye mashamba yale kila kiangazi, wakati sisi wanafunzi tuko kwenye kivuli tunasoma utamaduni wa nyanya.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Italia ilipona kwa wageni wengi: mahindi, nyanya, maharage, twiga wa kuchora, mikono ya akina Simonetta. Sidharau kitu chochote nilichokiona kule. Ghirlandaio ni fundi, na ribollita ni tamu. Ila neno "halisi" nimelitoa kwenye daftari langu. Nikiambiwa kitu ni halisi nauliza kimetoka wapi, na nani alilipa nauli. Na hilo naliuliza hata kwetu, kabla hatujaanza kupigana vijembe kuhusu nani mwenye ugali wake.

Kuhusu ugali, Jumamosi jioni nasonga sufuria mbili pale jikoni kwetu bwenini. Moja ni sembe, nyingine ni polenta niliyobeba kwenye begi. Yule mwenzangu nimeshamwalika, amekubali. Mwenye mchicha aje nao.