Polisi wakiwa wa kwanza kusimulia

Tarehe 16 Machi 1922, maelfu ya watu walijazana nje ya kituo cha polisi cha Nairobi wakidai Harry Thuku aachiliwe. Thuku alikuwa amepinga pasi ya kipande, kodi na kazi ya shokoa. Wazee walipoanza kuwashauri watu warudi makwao, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakejeli wanaume: wampe yeye suruali, wao wavae gauni lake. Muda si muda risasi zikarindima. Inasimuliwa kwamba hata walowezi waliokuwa barazani mwa hoteli ya Norfolk, jirani na hapo, walifyatua. Muthoni alikuwa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilihesabu maiti 21. Waliokuwepo walitaja idadi kubwa kuliko hiyo. Aliyeadhibiwa ni Thuku, ambaye wakati huo wote alikuwa korokoroni. Alipelekwa uhamishoni Kismayu.

Tangu hapo Wakenya wameizoea desturi moja: polisi wakiua, wao ndio wanaotangulia kusimulia. Marehemu alichomoa silaha, ama alitaka kutoroka, ama umati ulikuwa na fujo. Baada ya uhuru wa 1963 kofia zilipata nembo mpya, lakini maelezo hayakubadilika. Ndivyo ilivyokuwa polisi walipoua watu Kisumu mwaka 1969, na tena katika maandamano ya Saba Saba ya 1990.

Kilichovunja ukimya ni hesabu. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilikuta kwamba kati ya watu 1,133 waliokufa, 405 waliuawa kwa risasi. Wenye bunduki walijulikana. Katiba ya 2010 ikafuata, na sheria ya 2011 ikaunda IPOA, mamlaka ya kiraia ya kuwachunguza polisi.

Kazi ya mamlaka hiyo ilionekana Kinango, Kwale. Agosti 2014 polisi walimuua msichana wa miaka 14 nyumbani kwao usiku, kisha wakasema aliwajia na panga. Alikuwa ameshazikwa. Wachunguzi waliomba mwili ufukuliwe, ukapasuliwa, na mwaka 2016 mahakama ya Mombasa ikawafunga maafisa wawili miaka saba kwa kuua bila kukusudia. Wengi tuliona miaka saba ni michache mno kwa uhai wa mtoto, lakini kabla ya hapo kesi za IPOA hazikuwa zimemtia afisa yeyote hatiani.

Mwaka huohuo likaja jambo zito zaidi. Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda aliyepigwa risasi na afisa mwaka 2015, alithubutu kushtaki, na tangu siku hiyo akaandamwa na mashtaka ya kubuni. Juni 23, 2016 alitoka mahakama ya Mavoko akiwa na wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi, Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Walizuiliwa katika kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau, na humo Kimani akaandika kwenye kipande cha karatasi ya chooni kwamba wako hatarini, mkewe apigiwe simu. Karatasi ilitupwa nje, mpita njia akaiokota. Haikuwaokoa, miili ilitolewa mtoni. Ila iliingia mahakamani kama kielelezo, na ikasema yale ambayo hakuna kitabu cha matukio cha kambi hiyo kingeandika. Februari 2023, Jaji Jessie Lessit alimhukumu afisa mmoja kifo. Maafisa wawili na mpasha habari wao wakapewa vifungo virefu.

Halafu Juni 2025. Mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa ujumbe wa mtandaoni, akasafirishwa hadi Nairobi, na kufia mikononi mwa polisi wa kituo cha Central. Taarifa ya kwanza ilidai alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ulikuta shingo imekabwa na majeraha mwili mzima. IPOA ikasema kamera za kituo zilichezewa. Maafisa na raia kadhaa walishtakiwa kwa mauaji.

Sheria inawalazimu polisi kuiarifu IPOA kila mtu anapofia mikononi mwao, na kuulinda ushahidi hadi wachunguzi wafike. Maana yake saa za mwanzo, ambazo ndizo zenye ushahidi, huwa chini ya kituo kilekile kinachotuhumiwa. Kwa maoni yangu, bajeti ya IPOA ingeanzia hapo: picha za kamera za kila seli zihifadhiwe nje ya kituo, mahali ambapo mkuu wa kituo hana ufunguo.