Picha zilizofichua mapafu ya mvutaji sigara

Uchunguzi wa mapafu kwa picha ulianzia Würzburg, Ujerumani, ambako Wilhelm Röntgen aligundua eksirei Novemba 8, 1895. Kwa miongo mingi madaktari waliitumia zaidi kusaka kifua kikuu. Sigara ilianza kubanwa kwa ushahidi mzito mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walipoonyesha uhusiano wake na saratani ya mapafu.

Hata hivyo, eksirei ya kawaida hukikusanya kifua kizima katika picha moja bapa, na uvimbe mdogo hujificha nyuma ya mbavu au moyo. Katika utafiti wa Mayo Clinic, Marekani, uliofanyika kati ya 1971 na 1983, wanaume wavutaji sugu walipigwa eksirei na kupimwa makohozi kila baada ya miezi 4. Saratani nyingi zaidi zilionekana, lakini vifo havikupungua.

Mambo yalibadilika kwa mashine ya CT ya Godfrey Hounsfield, iliyompima mgonjwa wa kwanza jijini London Oktoba 1, 1971. Mashine hiyo hupitisha mionzi kutoka pande nyingi, kisha kompyuta huonyesha mwili kipande kwa kipande. Kila nukta ya picha hupewa namba kulingana na msongamano wake: maji ni 0, hewa ni -1000. Moshi wa sigara unapozila kuta za vifuko vya hewa, hubaki mianya mitupu, na huo ndio ugonjwa wa emfisema. Mgonjwa akiwa amevuta pumzi hadi mwisho, nukta zilizo chini ya -950 huhesabiwa kuwa sehemu zilizoharibika. Kwa njia hiyo uharibifu hupimwa kwa asilimia, na wakati mwingine huonekana kabla kipimo cha kupuliza hakijaonyesha kasoro.

Mwaka 1999, Claudia Henschke na wenzake walitoa matokeo ya watu 1,000 wa New York waliowahi kuvuta sigara. CT ya mionzi hafifu ilinasa saratani 27. Eksirei ilinasa 7. Mwaka 2011 utafiti wa Marekani uliohusisha watu zaidi ya 53,000 ulithibitisha kwamba kipimo hicho hupunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 kikilinganishwa na eksirei. Pia ulionya: zaidi ya 9 kati ya kila matokeo 10 ya kutiliwa shaka hayakuwa saratani.

Tangu 1994 watafiti wameitumia pia gesi ya zenoni pamoja na MRI, ili kuona hewa inafika wapi ndani ya mapafu.

Vipimo vyote hivi huonyesha madhara. Hakuna kinachojenga upya kuta zilizokwisha kuliwa. Kuacha sigara ndiko kunakopunguza kasi ya uharibifu, na anayevuta asingoje picha imwambie.