Ganda la Zabibu na Rangi ya Divai

Sisi tukaao Mkolani hatulimi mizabibu, bali zambarau twazijua. Mtoto akila zambarau changa, ulimi wake hushikwa na ukakasi, wala haupati rangi nyingi; akila zilizoiva, midomo na vidole vyake vyamshitaki mara moja. Jambo hilo dogo latufungulia habari za divai, ambayo twaiona altareni lakini ni wachache wazijuao kazi zake.

Mwaka 1883 Mapadre Weupe walianzisha misioni ya Bukumbi, kusini ya hapa. Misa haiwezekani pasipo divai, nayo ilikuja kutoka pwani pamoja na mizigo mingine, vichwani mwa wapagazi, safari ya miezi. Hata miaka ya 1950 ndipo wamisionari wa Bihawana, karibu na Dodoma, walipopanda mizabibu, na kilimo hicho kikaenea kwa wenyeji. Leo wakulima wa huko huvuna mara mbili kwa mwaka: karibu na Machi, tena Agosti na Septemba.

Ukimenya zabibu nyeusi, kwa kawaida utaona nyama yake haina rangi. Ndiyo sababu Wafaransa wa Champagne hukamua zabibu nyeusi na kupata divai nyeupe, wakiyatenga maganda upesi. Rangi i katika ganda, imefungwa ndani ya vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila chumba kina kuta zake. Mjerumani Marquart aliipa rangi hiyo jina la anthosianini mwaka 1835. Na Willstätter, Mjerumani pia, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915 kwa kuchunguza rangi za mimea.

Zabibu ikiwa changa, rangi ni haba na kuta ni ngumu. Ikiiva, rangi huongezeka na kuta hulegea. Basi mtu asidanganywe na macho: ganda laweza kuwa jeusi kwa nje, na kuta zake zingali zimekaza. Tena mizabibu haifanani. Mingine ina maganda yenye rangi nyingi, lakini huitoa kwa shida. Naye akawiaye kupita kiasi aweza kuipoteza rangi, hasa penye joto kali.

Zabibu zikiisha kupondwa, huachwa zichachuke pamoja na maganda. Rangi hutoka kwanza, siku chache za mwanzo, kwa kuwa huyeyuka katika maji. Ukakasi wa kokwa hufuata pole pole, kileo kinapozidi. Hewa ya uchachu huyainua maganda juu, na watengenezaji huyazamisha tena na tena. Lakini kuzipondaponda mno zabibu changa hakuleti rangi isiyokuwamo. Huleta uchungu tu.

Mkulima aonaye mvua za Machi na kuogopa zabibu zisioze, hushawishika kukata kabla ya wakati. Hatumlaumu, maana njaa ya watoto haingoji. Lakini mnunuzi naye ana wajibu: akilipa bei moja kwa mbivu na mbichi, amfundisha mkulima kutokungoja, kisha alalamika kwamba divai imefifia. Wa Bukumbi waliwangoja wapagazi. Wa leo na walingoje ganda, na angojaye alipwe haki yake.