Kodi au Kubana Matumizi? Rai ya Umma na Nakisi ya Bajeti nchini Kenya, 1922 na 2024

Mijadala ya nakisi ya bajeti aghalabu humweka raia mbele ya njia mbili: kodi ipandishwe au matumizi yapunguzwe. Makala haya yanadai kwamba nchini Kenya swali hilo limetanguliwa na jingine: nani husikilizwa kabla ya kutozwa?

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, bei za mazao zilipoanguka, serikali ya kikoloni ilitafuta fedha kwa makundi mawili. Walowezi walitozwa kodi ya mapato. Waafrika walitozwa kodi ya kichwa na ya nyumba iliyofikia shilingi 16, huku waajiri wakipunguza ujira wao. Walowezi, waliokuwa na viti katika Baraza la Kutunga Sheria, walishikilia kwamba serikali ibane matumizi kwanza. Mwaka 1922 kodi ya mapato ikafutwa, isirudi hadi 1937. Waafrika hawakuwa na kiti hata kimoja. Harry Thuku, aliyezibeba lawama zao, alikamatwa, na Machi 16, 1922 umati uliodai aachiliwe ulipigwa risasi jijini Nairobi. Hesabu rasmi ilitaja vifo 21. Kodi yao iliteremshwa hadi shilingi 12, haikufutwa.

Mwaka 2024 kila mtu mzima alikuwa na kura, lakini hoja ya kusikilizwa ilirudi. Mswada wa Fedha ulilenga kukusanya shilingi bilioni 346. Juni 25 wabunge 195 waliuunga mkono na 106 wakaupinga. Siku hiyohiyo waandamanaji waliingia Bungeni, na watu wakauawa. Washauri wanaohitimisha kwamba Wakenya huchukia kodi wamewasoma vibaya, kwa maoni yangu. Vijana wale walitaja anasa za viongozi na ubadhirifu: walidai mpangilio, serikali ianze kujipunguzia yenyewe.

Mswada ulipoondolewa, Rais William Ruto alipendekeza kupunguza matumizi kwa shilingi bilioni 177. Bilioni 169 zilizosalia zingekopwa. Mkopo haukuwa miongoni mwa njia mbili zilizobishaniwa, na walipaji wake wa kesho hawakuwa na wa kuwasemea. Desemba mwaka huohuo, sheria mpya za kodi zilitiwa saini, zikirejesha baadhi ya hatua zilizokataliwa Juni.