Wakala kabla ya Soko: Historia ya Malipo kwa Simu na Biashara ya Mtandaoni nchini Kenya na Tanzania, 2005–2022

1.0 Utangulizi

Masimulizi yaliyozoeleka kuhusu malipo ya kidijitali katika Afrika Mashariki hueleza kwamba simu ya mkononi iliwavusha watu kutoka kwenye fedha taslimu hadi kwenye soko la mtandaoni bila kupitia benki wala kadi. Masimulizi hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanaficha jambo la msingi. Katika kila hatua ya mabadiliko hayo alikuwapo mtu aliyeketi nyuma ya meza ndogo, mwenye daftari, fedha taslimu na simu. Mtu huyo ni wakala.

Makala haya yanachunguza historia ya malipo kwa simu na biashara ya mtandaoni nchini Kenya na Tanzania, kuanzia majaribio ya mwaka 2005 hadi mjadala wa tozo wa mwaka 2021 na 2022. Hoja kuu ni kwamba kilichoenea kwanza kilikuwa utumaji wa fedha kwa ndugu na jamaa, uliowezeshwa na wakala. Ununuzi wa bidhaa kwa njia ya mtandao ulikuja baadaye, nao ukarithi nguvu na udhaifu wa mfumo huo. Kenya na Tanzania zinafaa kulinganishwa kwa kuwa huduma ya jina moja, M-Pesa, ilianzishwa katika nchi zote mbili kwa kufuatana, lakini ikakua kwa mwendo tofauti. Tofauti hiyo inasaidia kutenganisha mchango wa teknolojia na mchango wa mazingira ya kijamii, kisoko na kisheria.

2.0 Usuli: Fedha Safarini kabla ya Simu

Kupeleka thamani mbali bila kubeba sarafu si jambo lililoanza na simu. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Zanzibar na Bombay walitumia hundi, yaani hati zilizomwagiza mtu wa mji mmoja kulipa deni lililofanywa katika mji mwingine. Hati hizo zilikuwa na nguvu kwa sababu nyumba za biashara zilijuana na kuaminiana. Neno hawala, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu na baadaye kulitumia pia kwa huduma ya posta, linashuhudia umri wa desturi hiyo.

Mfumo wa kazi za ujira uliokua chini ya ukoloni ulipanua hitaji hilo. Mwanamume alifanya kazi mjini, bandarini, kwenye reli au shambani, ilhali mke, watoto na wazazi walibaki kijijini. Hawala ya posta ilisaidia, lakini ilidai kusafiri hadi ofisini na mara nyingine kungoja fedha zipatikane. Baada ya uhuru mpangilio huo wa familia mbili kwa mapato ya mtu mmoja uliendelea. Wengi walimkabidhi dereva au kondakta wa basi bahasha, au walimsubiri jirani anayesafiri. Njia hiyo ilikuwa na gharama, na fedha ziliweza kupotea njiani bila mtu wa kudaiwa. Hivyo basi, simu ilipofika ilikuta mkondo mkubwa wa fedha kutoka mjini kwenda shamba ukitafuta njia salama.

3.0 Kenya: Kutoka Marejesho ya Mikopo hadi Fedha ya Nyumbani, 2005–2009

Majaribio ya M-Pesa yalianza Kenya mwezi Oktoba 2005, yakiwa na wateja wapatao 500. Kampuni ya Safaricom na mshirika wake Vodafone ziliendesha mradi huo pamoja na taasisi ya mikopo midogo Faulu Kenya na Commercial Bank of Africa, kwa msaada wa idara ya maendeleo ya kimataifa ya serikali ya Uingereza. Lengo la awali lilikuwa finyu: kuwawezesha wakopaji kurejesha mikopo yao kwa simu. Wateja, hata hivyo, waliitumia huduma kwa njia ambazo wabunifu hawakuzikusudia. Walitumiana fedha wao kwa wao, walinunua muda wa maongezi kwa ajili ya watu wa mbali, na waliweka fedha kabla ya safari ili wazitoe mwisho wa safari. Kampuni ilijifunza kutokana na matumizi hayo. Huduma ilipozinduliwa kwa umma mwezi Machi 2007, wito wake mkuu ulikuwa kutuma pesa nyumbani.

Utendaji wa wakala unahitaji kuelezwa, kwa kuwa ndio uliobeba mfumo mzima. Mteja aliyetaka kuweka fedha alimkabidhi wakala noti, naye wakala akamhamishia thamani hiyo kutoka kwenye salio lake mwenyewe la kielektroniki, ambalo mawakala huliita floti. Mteja aliyetaka kutoa fedha alifanya kinyume chake. Kwa hiyo wakala alifanya biashara ya kubadilisha aina moja ya fedha kwa nyingine kwa mtaji wake, akilipwa kamisheni. Ilimlazimu kukisia kila asubuhi ni kiasi gani cha noti na cha floti kitahitajika. Wakala wa mjini alikusanya noti nyingi kuliko alizotoa, na wakala wa kijijini alikabiliwa na upungufu wa noti, hasa mwisho wa mwezi. Fedha zenyewe ziliwekwa benki katika akaunti ya amana, na kampuni haikuruhusiwa kuzikopesha. Benki Kuu ya Kenya iliikubalia huduma ianze kwa barua ya kutokuwa na pingamizi, bila kuihesabu kuwa benki.

Matukio mawili yalipima imani ya umma. La kwanza ni machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Barabara zilipofungwa na maduka kukosa bidhaa, watu waliokwama walitumiwa fedha na muda wa maongezi kwa simu. La pili lilitokea mwezi Desemba 2008, ambapo John Michuki, aliyekaimu Wizara ya Fedha, aliagiza huduma hiyo ikaguliwe. Mapema mwaka 2009 mamlaka za fedha zilitangaza kwamba zimejiridhisha na usalama wake. Badala ya kuidhoofisha, ukaguzi huo uliipa huduma uhalali ambao matangazo ya biashara yasingeweza kuununua. Sheria ilikuja nyuma ya matumizi: Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya Kenya ilipitishwa mwaka 2011, wakati mamilioni ya watu walikwisha kuitumia huduma.

4.0 Tanzania: Soko Lililogawanyika na Njia ya Maelewano, 2008–2016

Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini Tanzania mwezi Aprili 2008. Iwapo teknolojia pekee ingetosha, matokeo yangefanana. Hayakufanana. Katika miezi 14 ya mwanzo huduma ya Kenya ilikuwa imepata watumiaji wapatao milioni 2.7, ilhali ile ya Tanzania ilikuwa na takribani 280,000. Sababu kadhaa zinaeleza pengo hilo. Safaricom ilimiliki sehemu kubwa mno ya soko la simu nchini Kenya, kwa hiyo mtumaji na mpokeaji mara nyingi walikuwa kwenye mtandao mmoja. Tanzania ilikuwa na kampuni kadhaa zenye nguvu. Aidha, nchi ni kubwa zaidi na makazi yametawanyika, jambo lililofanya ujenzi wa mtandao wa mawakala uwe mgumu na wa gharama.

Hata hivyo, mgawanyiko uliochelewesha mwanzo ndio uliozaa suluhisho la pekee. Kwa miaka kadhaa Mtanzania wa kawaida alibeba laini mbili au tatu, na wakala mmoja alipanga mezani simu kadhaa, kila moja na floti yake. Mwaka 2014 kampuni za Tigo, Airtel na Zantel zilianza kuruhusu wateja wao kutumiana fedha moja kwa moja kati ya mtandao na mtandao, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Benki Kuu ya Tanzania, chini ya Gavana Benno Ndulu, ilihimiza maelewano hayo bila kuyalazimisha, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ilifuata mwaka 2015. Kenya, yenye kampuni moja kubwa, ilifikia hatua kama hiyo mwaka 2018 tu. Ulinganisho huu unaonyesha kwamba mwanzo wa haraka haukumaanisha kutangulia katika kila hatua.

5.0 Soko la Mtandaoni Juu ya Msingi wa Utumaji, 2012–2020

Biashara ya mtandaoni ilipoingia ilikuta msingi huo umekwisha kujengwa kwa shughuli nyingine. Jumia, iliyoanzishwa Lagos mwaka 2012, ilifika Kenya mwaka 2013. Kilimall ilianza Nairobi mwaka 2014. Mwaka huohuo wa 2013 Safaricom ilizindua Lipa na M-Pesa ili wafanyabiashara wapokee malipo kwa namba maalumu. Ingetarajiwa kwamba mnunuzi aliyezoea kutuma fedha kwa simu angelipia bidhaa kwa simu kabla ya kuiona. Wanunuzi wengi walikataa. Kampuni zililazimika kukubali malipo wakati wa kupokea mzigo.

Kukataa huko hakukutokana na ujinga wa teknolojia. Fedha iliyotumwa kwa simu hutenda kama noti: ikishafika mkononi mwa mwingine, kuirudisha ni kazi. Mwenye kadi ya benki aweza kulalamika kwa benki yake ili malipo yabatilishwe. Aliyetuma kwa simu hutegemea zaidi hiari ya mpokeaji na juhudi za kampuni. Utumaji kwa mama au ndugu haukuhitaji kinga hiyo, kwa kuwa undugu wenyewe ulikuwa dhamana. Ununuzi kutoka kwa mtu asiyejulikana uliihitaji, na mfumo haukuwa umeundwa kwa ajili yake. Utapeli wa ujumbe mfupi uliozagaa Tanzania, ule unaomwambia mpokeaji kwamba ile hela aitume kwenye namba nyingine, ulifundisha umma somo lilelile: muamala ni salama, lakini aliye upande wa pili huenda asiwe salama.

Ugumu wa pili ulikuwa wa mahali. Nyumba nyingi hazikuwa na namba wala mtaa wenye jina lililoandikwa. Mzigo ulifikishwa kwa kupigiana simu, kwa kutaja duka, msikiti, shule au mti, na kwa ujuzi wa dereva wa bodaboda. Tanzania ilifanya operesheni ya kitaifa ya anwani za makazi mwaka 2022 tu, sambamba na maandalizi ya sensa. Jumia ilikuwa imekwisha kufunga shughuli zake nchini humo mwezi Novemba 2019.

Kufungwa kwa kampuni moja, hata hivyo, hakukuwa mwisho wa biashara yenyewe. Sehemu kubwa ya ununuzi ilikuwa ikifanyika kwa namna ambayo takwimu rasmi huikamata kwa shida. Muuzaji wa Kariakoo hupiga picha za vitenge au viatu, huziweka Instagram au WhatsApp, hujadiliana bei kwa ujumbe, hupokea malipo kwa simu na kukabidhi mzigo kwa bodaboda au basi la mkoani. Basi lililobeba bahasha za fedha sasa hubeba bidhaa, na fedha hupita hewani kwa upande wa pili. Dhamana ya biashara hiyo ni jina la muuzaji, maelekezo ya rafiki na sauti iliyosikika kwenye simu.

6.0 Dola, Janga na Tozo: Nani Hubeba Gharama?

Mwezi Machi 2020, kutokana na janga la UVIKO-19, Safaricom iliondoa ada kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000 kwa makubaliano na Benki Kuu ya Kenya, na kiwango cha juu cha muamala kikapandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 150,000. Hapo dola iliitazama miamala kama huduma ya umma. Tanzania ilichukua mwelekeo mwingine mwaka uliofuata. Kuanzia tarehe 15 Julai 2021 kila muamala wa kutuma au kutoa fedha ulitozwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi, juu ya ada za kampuni. Malalamiko yalikuwa makubwa. Mwezi Septemba tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikapunguzwa tena mwaka 2022. Vodacom Tanzania iliripoti kushuka kwa mapato yake ya M-Pesa katika kipindi hicho.

Mantiki ya serikali ilieleweka: miamala ilikuwa mingi, inaonekana, na rahisi kutoza kuliko biashara ya mkononi. Lakini kile kilichoonekana kama biashara kwa mkusanya mapato, kwa mtumaji kilikuwa ada ya shule ya mdogo wake au dawa ya mzazi. Kwa wakala, kila mteja aliyerejea kwenye noti alipunguza kamisheni, huku hatari za wizi, noti bandia na makosa ya namba zikibaki mabegani mwake.

Suala la nani alinufaika limegawanya pia watafiti. Tavneet Suri na William Jack (2016) walikadiria kwamba M-Pesa iliziondoa kaya 194,000 za Kenya, sawa na asilimia 2, katika umaskini. Mwaka 2019 Milford Bateman na wenzake waliupinga utafiti huo, wakidai kwamba haukuzingatia vya kutosha biashara zinazokufa, madeni, na faida inayoondoka kwa wamiliki wa kampuni. Historia iliyoelezwa hapa haimalizi ubishi huo. Inapendekeza tu kwamba hesabu ya faida na hasara isiishie kwa mtumiaji na kampuni, bali imjumuishe wakala, ambaye pande zote mbili za ubishi humtaja kwa kupita.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba malipo ya kidijitali nchini Kenya na Tanzania yalipandikizwa juu ya mahusiano ya zamani ya kifamilia na kikazi, yakamwilishwa na wakala, na baadaye tu yakawa njia ya ununuzi. Mfumo uliojengwa kwa ajili ya watu wanaoaminiana ulipoombwa kuhudumia wasiojuana, ulifika ukomo wake, na wanunuzi waliuziba upungufu huo kwa kulipa baada ya kupokea na kwa kununua kwa watu wanaojulikana. Desturi hizo zisomwe kama hukumu ya busara juu ya mfumo ambao kinga yake kwa mnunuzi ni ndogo. Sera inayotaka soko la mtandaoni likue ingepaswa kuanzia hapo: njia nyepesi ya kurejesha fedha, anwani zinazofikika, na mgawanyo wa haki wa hatari ambazo hadi sasa zimebebwa na mwenye meza ndogo kando ya barabara.