Saratani ya Figo ya Watoto: Kutoka Eksirei ya Röntgen Hadi Buhigwe

Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua miale inayopenya nyama na kuonyesha mifupa. Mwaka 1899 Mjerumani mwenzake, daktari wa upasuaji Max Wilms, alichapisha kitabu kuhusu uvimbe wa figo wa watoto, na hadi leo uvimbe huo unaitwa kwa jina lake. Nchi ya Waha, mkoani Kigoma katika Tanzania ya leo, ilihesabiwa koloni la Wajerumani wakati huo, lakini elimu hiyo haikumfikia mtoto wa Kasulu.

Eksirei yenyewe haikutosha, maana figo ni nyama laini. Tangu mwaka 1929 madaktari waliweza kudunga mshipani dawa yenye ayodini, figo zikaichuja na kuonekana pichani. Waliiona figo iliyosukumwa kando. Uvimbe wenyewe waliukisia. Mwaka 1971, jijini London, mashine ya Godfrey Hounsfield ilimpiga mgonjwa wa kwanza picha ya CT-scan, na katika miaka hiyohiyo altrasaundi ikaenea hospitalini.

Tiba nayo ilikuwa imesonga mbele. Huko Boston katika miaka ya 1950, Sidney Farber aliongeza dawa ya aktinomaisini juu ya kisu na mionzi. Leo, katika nchi tajiri, watoto wapatao tisa kati ya kumi hupona. Ndipo kupanga hatua za ugonjwa kukawa na uzito: anayehitaji dawa kidogo asiunguzwe na nyingi, na anayehitaji nyingi asipunjwe.

Hatua ya kwanza, uvimbe umo ndani ya figo. Ya pili, umevuka ganda lake lakini umetolewa wote. Ya tatu, mabaki yamo tumboni. Ya nne, umesambaa mbali, mara nyingi mapafuni. Ya tano, figo zote mbili zimeshikwa. Tatu za mwanzo huthibitishwa na daktari wa upasuaji pamoja na maabara. Mbili za mwisho hufichuliwa na picha. Wamarekani hupasua kwanza. Ulaya huanza na dawa ili uvimbe usinyae, hivyo uamuzi wao wa mwanzo huegemea picha, na Afrika, ambako watoto wengi hufika na uvimbe mkubwa, njia hiyo ndiyo inayofaa zaidi.

Buhigwe ilimegwa kutoka Kasulu na kuwa wilaya mwaka 2012. Malaria ni jambo la kila siku huko, na tumbo la mtoto likivimba wazazi husema ni bandama au minyoo. Wodi ya saratani ya watoto iko Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000. Bugando, Mwanza, ni karibu kidogo. Mkopo wa IMF wa mwaka 2021 ulinunua CT-scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa, na hilo ni jema.

Lakini miongozo ya Afrika inaridhika na altrasaundi ya tumbo na eksirei ya kifua kwa kuanzia. Mpigaji apake jeli, asogeze kifaa taratibu bila kulibinyabinya tumbo, maana uvimbe huu waweza kupasuka. Atazame kama unaanzia kwenye figo au bandama, aikague figo ya pili, kisha aufuate mshipa mkuu wa damu kuelekea moyoni, kwa kuwa uvimbe hupenya humo.

Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone ifikapo 2030. Kwa Buhigwe, mtaalamu wa altrasaundi aliyefunzwa mambo hayo, mwenye nauli ya rufaa ya kumpa mama siku hiyohiyo, ataokoa wengi kuliko mashine ya mabilioni inayomsubiri mtoto aliyechelewa.